Kuni za Mama Karanga

Siku ya kwanza Twaiba alipofika Gazi na mizani yake begani, Bi Dama alimpa kigoda, akamwonyesha mahali pa kukaa ambapo moshi haukufika, kisha hakumsemesha tena mpaka alasiri. Haukuwa ukosefu wa adabu. Shikamoo ilijibiwa marahaba, wazazi waliulizwa hali, na maji ya kunywa yaliletwa kwenye kikombe safi. Lakini kila Twaiba alipofungua daftari, mazungumzo ya bandani yalikatika, na wale wanawake saba waliokuwa wakikaanga samaki waligeuza migongo kana kwamba karai zilikuwa zimewaita.

Hao ndio mama karanga wa Gazi. Samaki wakishushwa pwani, wakubwa huchukuliwa na matajiri wanaouza kwenye hoteli za Diani. Mama karanga hununua tafi na pono wadogo, wakawapaa magamba, wakawatia chumvi, wakawakaanga kwenye karai pana zilizokaa juu ya mafiga matatu. Jioni ikifika, nusu ya nyumba za jirani hula kitoweo kilichopita mikononi mwao. Kuni zao ni za mivinje, na mivinje ikiadimika ni za mikoko. Hilo la mikoko halikusemwa kwa sauti, kwa maana kijiji hicho hicho ndicho kilichokuwa kikiipanda na kuilinda.

Twaiba alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa nne wa sayansi ya mazingira, na kwao ni Bongwe. Ili amalize shahada ilimpasa afanye utafiti wake mwenyewe. Wenzake walichagua mambo yenye vishindo. Rafiki yake Chome, kijana wa Lunga Lunga, alikuwa akitengeneza kifaa cha kupangusa vumbi kwenye paneli za sola. Twaiba alichagua swali fupi: kukaanga kilo moja ya samaki kunakula kuni kiasi gani, na je, kiasi hicho kinaweza kupunguzwa? Mama yake aliposikia alicheka mpaka akafuta machozi kwa upande wa leso.

"Miaka minne chuoni, mwanangu, halafu waenda kupima kuni?"

"Hakuna aliyewahi kuzipima, mama."

"Kwa sababu watu wana kazi za kufanya!"

Alasiri ile, moto wa kwanza ulipofifia, Bi Dama alikuja akakaa mbele yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye macho mekundu ya moshi wa miaka thelathini, na alipozungumza wenzake wote walinyamaza.

"Nani amekutuma?"

"Chuo, Bi Dama. Ni utafiti wa masomo yangu."

"Wanaokuja kututafutia makosa ya mikoko nao husema wametumwa. Na mwaka juzi walikuja watu wa shirika wakasema wametumwa kutusaidia. Njoo."

Alimwongoza nyuma ya banda. Pale palikuwa na majiko sita ya bati, yamepangwa ukutani, yakiwa bado na rangi yake ya buluu. Kutoka kwenye moja, tetea alichomoza kichwa, akawatazama kwa hasira, akarudi kuatamia mayai yake.

"Wakapiga picha, wakaenda zao," Bi Dama akasema. "Karai yangu ukiiweka juu ya jiko hilo ni kama kumvika mtu mzima kofia ya mtoto. Ikiyumba, mafuta yote yanamwagika miguuni. Sasa na wewe na mizani yako, andika hayo."

Twaiba hakuandika. Njia nzima ya kurudi Bongwe alikuwa akilitafakari lile neno la kofia ya mtoto, na kesho yake alipokuja aliiacha mizani ndani ya mfuko. Alijifunga leso kiunoni, akaomba kisu, akakaa kando ya beseni la tafi. Tafi ana miba mgongoni inayochoma kama nge, na siku ile vidole vyake vilivimba. Hafsa, mdogo kuliko wote mle bandani, binti aliyeacha shule kidato cha pili mama yake alipofariki, alimcheka, kisha akamwonyesha namna ya kumshika samaki kwa kumkaba kichwa. Siku ya tatu Twaiba alikuwa akipaa samaki upesi kama wao. Siku ya nne, bila ya kuulizwa, Bi Dama akasema:

"Haya, itoe hiyo mizani yako. Tuone inasema nini."

Kuanzia hapo kazi ikashika njia. Kila asubuhi Twaiba alipima samaki kabla hawajaingia karaini, akapima kuni kabla ya kuwashwa, na moto ulipokwisha akapima zilizobaki. Na kwa kuwa swali lake lilikuwa na nusu ya pili, alichora jiko. Lilikuwa jiko zuri karatasini: udongo uliochanganywa na majivu na pumba za mpunga, shimo lililotoshana na karai, dohani ya kupandisha moshi juu ya paa. Aliueleza mchoro huo kwa Sanga, mwashi wa pale kijijini, na wanawake wakakusanyika kuutazama.

Bi Dama aliutazama kwa muda mrefu zaidi ya wote.

"Mlango wa kuni umeuelekeza wapi?"

"Huku, upande wa bahari, ili upepo usaidie moto."

"Upepo ukisaidia sana, mwanangu, unakula kuni zako na samaki wako. Utie mlango upande wa bara. Na hapa juu, karai ishuke ndani, isikae juu kama malkia. Iache nafasi ya vidole viwili tu pembeni, moto uilambe pande zote. Tena uniinulie jiko lifike kiunoni. Mgongo huu nimechoka kuukunja."

Sanga alimtazama Twaiba. Twaiba alichukua kifutio, akafuta, akachora upya. Jiko lilijengwa kwa siku mbili, likaachwa likauke siku sita, na lilipowashwa moshi ulipanda dohani moja kwa moja. Wanawake walipiga vigelegele. Bi Dama hakupiga. Alisema jiko si harusi, tungoje tuone.

Walingoja siku kumi na tisa, mafiga ya zamani upande mmoja na jiko jipya upande wa pili, na tarakimu zilizoingia daftarini zilikuwa za kupendeza mno. Twaiba alizituma kwa msimamizi wake, Daktari Kalama, mtu wa Kinango aliyejulikana chuoni kwa ubahili wa kusifu. Jibu lake lilikuwa na maneno mawili: "Kazi nzuri." Chome alipouona ujumbe ule alimwambia auchapishe, autie fremu.

Siku ya ishirini, Twaiba alining'iniza tungo ya pono wadogo kwenye mizani, akasoma kwa sauti: "Kilo mbili na robo."

"Hapana," Bi Dama akasema.

"Ndiyo hii, Bi Dama. Tazama mshale."

Bi Dama aliwatoa wale samaki, akawashika kwa mkono mmoja, akawapandisha na kuwashusha mara mbili. "Hawa hawafiki kilo mbili. Mizani yako inasema uwongo."

Twaiba alitabasamu, kwa adabu, kama mtu anavyotabasamu mbele ya mkubwa aliyekosea. Lakini neno lile lilimkaa moyoni kama mwiba wa tafi. Adhuhuri alikwenda dukani, akanunua pakiti ya unga wa kilo mbili, akaitundika. Mshale ukasimama kwenye kilo mbili na gramu mia nne. Akaitoa, akaitundika tena: mbili na mia moja. Mara ya tatu: mbili na mia tatu. Springi ya mizani ilikuwa imechoka. Lau ingekosea kwa kiasi kimoja kila siku, angeweza kutoa kiasi hicho, hesabu zikanyooka. Lakini ilikosea itakavyo. Hakuna aliyeweza kujua siku ipi ilisema kweli na siku ipi ilidanganya.

Alikaa kwenye baraza ya duka na ile pakiti ya unga magotini. Siku ya Utafiti wa Wanafunzi, ambapo vyuo kadhaa vya pwani vingekutana Diani, ilikuwa imebakiza wiki tano. Tarakimu zilikuwa tayari. Zilikuwa zimesifiwa. Duniani kote, watu waliojua kwamba zimeoza walikuwa wawili, na mmoja wao hakujua kusoma.

Alirudi bandani akamweleza Bi Dama yote, mpaka hilo la mwisho, kwamba angeweza kunyamaza.

Bi Dama aligeuza samaki wake kwanza. "Mficha uchi hazai," akasema. "Mpigie mwalimu wako."

Twaiba alisogea mpaka ukingoni mwa mikoko, mahali ambapo simu hushika vizuri, akapiga. Daktari Kalama alimsikiliza bila ya kumkatiza.

"Siku kumi na tisa zote?"

"Zote, Daktari."

"Nani amegundua?"

"Mmoja wa mama karanga. Kwa mkono."

Kisha akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia kwa miaka minne, nacho ni kicheko cha Daktari Kalama. "Zitupe," akasema. "Uje kesho uchukue mizani ya kidijitali, na uipime kwanza kabla hujaiamini. Twaiba?"

"Naam."

"Nimekuwa msimamizi miaka kumi na mmoja. Wanaopiga simu ya namna hii ni wachache. Anza upya."

Kuanza upya ni neno jepesi mdomoni. Kati ya wiki zile tano, moja ilihitajika kwa kuandika. Zikabaki nne, na katika nne hizo Twaiba alikuwa na mitihani chuoni kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi. Siku za Gazi zingekuwa tatu kwa wiki, nazo hazikutosha. Alipowaeleza wanawake hivyo, akiwa amekwisha kukata tamaa nusu, alitarajia pole. Alichopata ni swali kutoka kwa Hafsa.

"Kwani kupima kuna siri gani ambayo sisi hatuiwezi?"

Twaiba alimpa kalamu na karatasi.

Basi alikaa nao mchana kutwa. Hafsa aliandika namna ya kuisawazisha mizani kwenye sifuri, na namna ya kuipima kila asubuhi kwa pakiti ya unga isiyofunguliwa. Bi Dama aliuliza maswali mfululizo kama hakimu. Kuni zikipimwa, na magome yake je? Makaa yanayobaki yanahesabiwa kuwa nini? Mwishowe akauliza lililomkalisha Twaiba chini.

"Nani atakaanga kwenye jiko jipya?"

"Hafsa. Na wewe kwenye mafiga, kama mwanzo."

"Basi utakuwa hukupima jiko. Utakuwa umenipima mimi na Hafsa. Mkono wa Hafsa unachochea moto kama anayefukuza nyuki. Mimi kuni moja naijua thamani yake. Tubadilishane. Leo mimi huku, yeye kule, kesho kinyume. Na wale wengine vivyo hivyo."

Twaiba alikuwa amefundishwa jambo hilo darasani mwaka wa pili, kwa jina refu na michoro ya ubaoni, akaandika mtihani wake akapata alama nzuri. Kisha akaja Gazi akalisahau. Alicheka peke yake, akaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya: *Mpango wa kubadilishana: wazo la Bi Dama.*

Wiki nne zile zilipita kama zimepanda pikipiki. Twaiba alitoka kwenye chumba cha mtihani, akafungua simu, akakuta picha ya ukurasa wa daftari aliyotumiwa na Hafsa: tarehe, jina la mkaangaji, samaki, kuni, majira ya kuanza na kumaliza. Mwandiko ulianza ukiwa mkubwa na wa kutetemeka. Kufikia wiki ya pili ulikuwa umenyooka, na pembeni kukaanza kutokea maelezo ambayo hakuna aliyemwagiza Hafsa ayaandike. *Leo upepo mkali. Leo kuni za mvinje mkavu. Leo Bi Dama amekohoa mara moja tu.* Ijumaa Twaiba alipofika, wanawake wengine walimpokea kwa kubishana. Kila mmoja alitaka zamu ya jiko jipya, na Bi Dama, mkali kama mnyapara, aliwarudisha kwenye mafiga kwa zamu zao: utafiti ni utafiti, raha mtazipata baadaye.

Jioni ya mwisho, Twaiba alijumlisha tarakimu akiwa amekaa kwenye kigoda kile kile cha bandani, huku wanawake saba wakimtazama kalamu. Alijumlisha mara mbili. Kisha akampa Hafsa ajumlishe peke yake.

"Mafiga," Hafsa akasoma, "kilo kumi za samaki, kilo kumi na mbili za kuni. Jiko, kilo kumi za samaki..." Akasita. "Kilo saba."

"Ndiyo kusema?" akauliza Bi Dama.

"Ndiyo kusema," Twaiba akajibu, "katika kila kuni tano mlizokuwa mkichoma, mbili zilikuwa zikiungua bure."

Bi Dama alitazama mafiga yake, yale mawe matatu meusi aliyoachiwa na mama yake mzazi. Alitikisa kichwa polepole. "Miaka thelathini," akasema. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu jiko lijengwe, akapiga kigelegele. Kilikuwa kigelegele kirefu, chembamba, kilichowatoa watu majumbani.

Siku ya Utafiti ilifanyika kwenye ukumbi wa hoteli moja ya Diani, wenye zulia zito na baridi ya kutengenezwa. Twaiba alikuja na Bi Dama na Hafsa. Mlinzi wa getini aliwatazama wale wanawake wawili, mabuibui yao yenye harufu nyepesi ya mafuta ya samaki iliyokataa kutoka kwa sabuni, akataka kujua wao ni akina nani.

"Watafiti," Twaiba akasema, akapita nao.

Miradi ya asubuhi ilikuwa na vioo na taa. Kifaa cha Chome kilipangusa paneli mbele ya macho ya watu, kikashangiliwa. Twaiba alipoitwa, alipanda na picha kumi na daftari moja lenye madoa ya mafuta kwenye kila ukurasa. Alieleza swali lake, akaeleza majiko ya bati na yule tetea, na ukumbi ukacheka. Kisha akafika kwenye picha ya nne, iliyokuwa na mizani tu, na maneno: *Siku kumi na tisa zilizotupwa.* Aliisimulia habari ile yote bila ya kujipaka mafuta. Aliona wanafunzi fulani wakitazamana. Mtu hapandi jukwaani kushindania tuzo akaanza kwa kutaja aibu yake.

Kati ya majaji watatu, aliyeogopwa zaidi alikuwa Injinia Nassir, mtaalamu wa nishati aliyekuwa amewatoa jasho wanafunzi wanne tangu asubuhi. Aliomba aletewe lile daftari. Alilifungua ukurasa mmoja mmoja, ukumbi mzima ukimsubiri.

"Binti," akasema, "vipimo vya wiki nne hivi, vingi hukuvichukua wewe. Vimechukuliwa na wakaangaji wa samaki. Kwa nini nivikubali?"

"Kwa sababu waliopima wako hapa, Injinia. Waulize."

Palikuwa na minong'ono. Injinia Nassir alivua miwani, akatazama ukumbini. "Nani aliyeandika ukurasa huu wa tarehe kumi na mbili?"

Hafsa alisimama. Twaiba, kutoka jukwaani, aliiona mikono yake ikikamata upindo wa buibui.

"Ni mimi."

"Siku hiyo jiko jipya limekula kuni nyingi kuliko mafiga. Ndiyo siku pekee. Inaharibu hesabu yenu nzuri. Mngeweza kuiacha, hakuna ambaye angejua. Kwa nini mmeiandika?"

Ukumbi ulikuwa umejaa watu waliosoma kumpita Hafsa, na alipoanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha, na kuni za upande wa jiko zililowa, za mafiga zilikuwa ndani. Mimi nilitaka kuuruka ukurasa. Bi Dama akakataa. Akasema daftari si la kuandika tunachokitaka, ni la kuandika kilichotokea." Sauti ikapanda. "Na kwa ile siku ndiyo tukajua jambo. Kuni zilizolowa zinashinda hata jiko zuri. Tukajenga uchaga wa kuanikia kuni juu, karibu na dohani, zikawa zinakauka kwa joto linalopotea. Ukifungua ukurasa wa tarehe kumi na tano, utaona. Siku kama ile haijarudi tena."

Injinia Nassir alifungua tarehe kumi na tano. Akafungua na kumi na sita, na kumi na saba.

"Umesomea wapi?" akauliza.

"Niliacha kidato cha pili."

"Nimeuliza hivyo kwa sababu," akasema akiwageukia majaji wenzake, lakini kwa sauti ya kusikiwa na wote, "tangu asubuhi nimeonyeshwa miradi kumi na mitatu, na huu ndio wa kwanza ambao siku mbaya imeachwa ndani, ikaulizwa, ikajibu." Alilifunga daftari kwa mikono miwili. "Sina swali jingine."

Makofi yaliyofuata hayakuanzia mbele. Yalianzia nyuma, alipokuwa Chome, ambaye alikuwa amesimama juu ya kiti, kisha yakaja kama mvua inavyokuja kutoka baharini, safu kwa safu. Daktari Kalama, aliyekaa pembeni na mikono kifuani, aliifungua mikono akapiga pia, na watu waliomjua wakaonyeshana.

Walipotangaza mshindi wa kwanza, jina lililosomwa lilikuwa la Twaiba. Hakupanda jukwaani moja kwa moja. Alikwenda mpaka kwenye safu ya tano, akamshika Bi Dama mkono wa kulia na Hafsa wa kushoto, wakapanda watatu. Mpiga picha aliwataka wasogeane. Bi Dama alimwambia asiwaharakishe.

Wiki mbili baadaye, wanawake kumi na mmoja wanaokaanga samaki Msambweni walituma ujumbe. Walikuwa wamesikia habari, na walitaka kuliona jambo hilo kwa macho yao. Twaiba alikodi tuktuk, akampakia Sanga na koleo zake, Bi Dama na Hafsa, na gunia la pumba za mpunga. Siku ile walijenga tangu asubuhi. Wenyeji waliwapikia pilau, na alasiri maswali yakaanza.

Mama mmoja mnene, mwenye leso ya njano, alisimama mbele ya jiko lile bichi akiwa ameshika kiuno. "Na huyu," akasema akimwonyesha Twaiba kwa kidevu, "ametumwa na nani?"

Twaiba alifungua mdomo kujibu. Hafsa alimtangulia. Alikuwa ameshika mizani mkono mmoja na daftari jipya mkono wa pili, na alisimama wima kama mwalimu wa siku ya kwanza darasani.

"Karibu hapa mbele, mama," akasema. "Niletee samaki wako, na niletee kuni zako. Leo tunapima mafiga yako kama yalivyo. Jiko likikauka, tunapima tena, kisha utatuambia wewe."

Yule mama alimtazama juu mpaka chini. Akageuka, akaita beseni lake. Na wenzake kumi wakasogea, wakazunguka mizani, kila mmoja akitaka samaki wake wawe wa kwanza.